Usakinishaji wa Nagios na utatuzi wa hitilafu zake

Nagios ni programu huria ya kompyuta inayofuatilia hali ya seva, vifaa vya mtandao na huduma zinazotolewa na vifaa hivyo, kisha huwaarifu wahusika pale kitu kinapoharibika. Toleo lake huria huitwa Nagios Core. Limeandikwa kwa lugha ya C, hutumika hasa kwenye Linux na mifumo mingine ya jamii ya Unix, na hutolewa kwa leseni ya GPL toleo la 2.

Programu hii haitengenezi kilichoharibika. Kazi yake ni ya mlinzi wa usiku: anazunguka, anajaribu kila mlango kama umefungwa, na akiona umeachwa wazi anamwamsha mwenye nyumba. Kwa sababu hiyo hitilafu katika kuisakinisha zina sura mbili. Zipo zinazoonekana mara moja, kwa mfano ukurasa usiofunguka. Zipo pia zisizoonekana kabisa: ukurasa umejaa rangi ya kijani, kila kitu kinaonekana salama, lakini siku seva inapozimika hakuna anayepata taarifa. Aina hii ya pili ndiyo yenye hasara kubwa zaidi, na imeelezwa kwa kirefu mwishoni mwa makala hii.

Historia fupi

Nagios ilianzishwa na Ethan Galstad, mtaalamu wa programu kutoka Marekani, na kutolewa kwa umma mwaka 1999 kwa jina la NetSaint. Mwaka 2002 jina hilo liliachwa kutokana na mgogoro wa alama ya biashara. Jina jipya lilielezwa kuwa ni kifupisho kinachojitaja chenyewe, chenye maana ya kwamba Nagios haitadai tena utakatifu; humo mna mchezo wa maneno, kwa kuwa "agios" kwa Kigiriki ni "mtakatifu". Mwaka 2009 baadhi ya wachangiaji walijitenga na kuanzisha Icinga kutokana na msimbo huohuo. Programu nyingine za kazi kama hii ni Zabbix, iliyoanzishwa na Alexei Vladishev, na Prometheus, iliyoanza mwaka 2012 katika kampuni ya SoundCloud.

Umri huu wa Nagios ni faida na ni tatizo. Maelekezo ya kuisakinisha yamejaa kila mahali, lakini mengi ni ya matoleo ya zamani. Mwongozo wa zamani humtaka msomaji aunde kikundi kiitwacho nagcmd na kutumia amri ya make install-init. Mwongozo wa matoleo mapya hutumia make install-groups-users na make install-daemoninit. Anayechanganya nusu ya mwongozo mmoja na nusu ya mwingine hupata mfumo ambao hakuna mwongozo unaouelezea. Kabla ya kuanza ni vema kuangalia mwongozo uliopo mkononi umeandikwa kwa ajili ya toleo gani la Nagios na toleo gani la Linux.

Vipande vinavyounda mfumo

Anayesakinisha Nagios kwa mara ya kwanza hudhani anaweka programu moja. Kwa kweli anaunganisha vipande vitano au sita vinavyotegemeana:

Kwanza kuna kiini chenyewe, yaani programu inayofanya kazi chinichini na kupanga ratiba ya ukaguzi. Kiini hiki hakijui kukagua chochote. Ukaguzi hufanywa na programu ndogondogo ziitwazo plagini, ambazo hupakuliwa na kusakinishwa peke yake. Kurasa za wavuti huonyeshwa na seva ya wavuti, kwa kawaida Apache, ambayo si sehemu ya Nagios. Barua pepe za tahadhari hutumwa na mfumo wa barua wa kompyuta husika. Mwisho, kwenye kila seva ya mbali inayofuatiliwa kwa ndani huwekwa wakala, kwa mfano NRPE.

Ni muhimu kuvishika vipande hivi kichwani, kwa kuwa kosa la kipande kimoja hujitokeza kwenye kipande kingine. Ukurasa unaoonyesha kwamba diski ya seva ina matatizo unaweza kuwa hausemi lolote kuhusu diski. Unaweza kuwa unasema kwamba plagini ya kukagua diski haipo.

Hatua ya kukompaili

Nagios husakinishwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutumia vifurushi vya Linux yenyewe, na ya pili ni kupakua msimbo chanzo na kuukompaili. Njia ya pili hupendwa kwa sababu huleta toleo jipya zaidi. Hatua zake ni ./configure, kisha make all, kisha amri kadhaa za make install.

Hitilafu nyingi za hatua hii hutokana na maktaba zinazokosekana, na hapa kuna jambo linalowachanganya wanafunzi. Mtu huambiwa kwamba maktaba ya OpenSSL haikupatikana, naye anajua kabisa kwamba OpenSSL imo kwenye kompyuta yake. Wote wawili wako sahihi. Maktaba ya kutumiwa na programu zilizokwisha kukompailiwa ni kitu kimoja. Mafaili ya vichwa yanayohitajika wakati wa kukompaili ni kitu kingine, na huja katika kifurushi tofauti. Kwenye Debian na Ubuntu kifurushi hicho huitwa libssl-dev, na kwenye Red Hat na ndugu zake huitwa openssl-devel. Kanuni hiyo hutumika pia kwa maktaba nyingine.

Maktaba ya GD, inayochora picha, ina udanganyifu wake. Ikikosekana, ./configure haisimami. Hutoa onyo tu katikati ya mistari mingi inayopita haraka, kisha huendelea. Kila kitu husakinishwa vizuri, na baada ya wiki moja mtu akibonyeza kiungo cha grafu za mwenendo anaambiwa ukurasa haupo. Dawa ni kuweka kifurushi cha GD cha wakompaili, kisha kurudia tangu ./configure, kurudia make peke yake hakutoshi, kwa sababu uamuzi wa kuziacha kurasa hizo ulikwisha kufanyika na kuandikwa. Matokeo ya kila swali ambalo ./configure iliiuliza kompyuta huhifadhiwa katika faili la config.log, na humo ndimo pa kutazama.

Hatari nyingine ni kuwa na Nagios mbili. Mtu huanza na kifurushi, anashindwa, anahamia msimbo chanzo bila kuondoa cha kwanza. Kifurushi cha Debian huweka usanidi kwenye /etc/nagios4. Msimbo chanzo huuweka kwenye /usr/local/nagios/etc. Mtu huyo anahariri faili moja siku nzima huku programu inayofanya kazi inasoma lingine, na hakuna badiliko analofanya linaloonekana. Amri ya ps -ef | grep nagios huonyesha njia kamili ya programu iliyo hai na faili la usanidi ililopewa. Inachukua sekunde chache, na ingefaa ifanywe kabla ya mengine yote.

Ukurasa wa wavuti

Baada ya kusakinisha, watu wengi hufungua kivinjari kwenye anwani inayoishia na /nagios. Kinachojitokeza hapo hutofautiana, na kila dalili ina chanzo chake.

Kivinjari kikikataliwa na kuonyesha kwamba ukurasa haukupatikana, mara nyingi faili la usanidi wa Apache halikuwekwa au liliwekwa katika folda ambayo Apache haiisomi. Hatua ya make install-webconf ndiyo inayoliweka, na Apache lazima ianzishwe upya baadaye.

Ukurasa wa mbele ukifunguka, lakini kila kiungo cha upande wa kushoto kikisababisha kivinjari kupakua faili badala ya kuonyesha ukurasa, moduli ya CGI ya Apache haijawashwa. Kurasa za Nagios si maandishi yaliyokaa tayari; ni programu zinazoendeshwa na Apache kila mara mtu anapobonyeza. Bila moduli hiyo Apache huichukulia programu kama faili la kawaida na kumkabidhi msomaji. Kwenye Debian na Ubuntu moduli huwashwa kwa a2enmod cgi, kisha Apache huanzishwa upya.

Nywila isipokubaliwa, chanzo cha kawaida ni amri ya htpasswd. Mwongozo huelekeza kuandika htpasswd -c ili kumwandikisha mtumiaji nagiosadmin. Herufi c humaanisha "unda faili jipya". Wiki ijayo msimamizi anataka kumwongeza mwenzake, anarudia amri ileile pamoja na -c, na faili la zamani linafutwa. Mwenzake anaingia bila shida. Nagiosadmin amefungiwa nje. Kwa mtumiaji wa pili na wanaofuata, -c haiandikwi.

Dalili inayofanana na hiyo ni pale mtu anapoingia vizuri kwa jina lake, lakini kila ukurasa unamwambia hana ruhusa ya kuona taarifa anazoomba. Hapa nywila haina kosa. Kuingia ni kazi ya Apache. Kuona ni kazi ya Nagios, nayo hutazama faili lake la cgi.cfg. Faili hilo linapokuja limemtaja nagiosadmin tu katika mistari inayoanza na authorized_for. Aliyechagua jina lingine la mtumiaji sharti aliongeze katika mistari hiyo.

Kwenye Red Hat na jamaa zake kuna SELinux, ambayo huongeza ulinzi juu ya ruhusa za kawaida za mafaili. Ruhusa zinaweza kuwa sawa kabisa na bado Apache ikazuiwa kuendesha programu za Nagios, msomaji akaona ujumbe wa hitilafu ya ndani ya seva. Amri ya getenforce huonyesha kama SELinux inafanya kazi, na setenforce 0 huilegeza mpaka kompyuta itakapowashwa tena. Tatizo likiondoka baada ya kulegeza, mhalifu amejulikana. Hata hivyo miongozo mingi huishia hapo na kumshauri msomaji aizime SELinux moja kwa moja. Ushauri huo ni mbaya: ni sawa na kung'oa kitasa kwa sababu ufunguo mmoja umekataa. Njia inayofaa ni kuyapa mafaili ya Nagios lebo zinazokubalika kwa Apache kwa kutumia amri ya chcon au semanage, kisha kuirudisha SELinux kazini.

Plagini na namba za majibu

Aliyesakinisha kiini bila plagini huona ukurasa wenye huduma nane za kompyuta yenyewe, zote zikiwa nyekundu. Maelezo ya pembeni husema kwamba faili fulani chini ya /usr/local/nagios/libexec halikupatikana, pamoja na namba ya kosa 2. Matoleo ya zamani yaliandika namba 127 na kusema kwamba iko nje ya mipaka.

Ili kuelewa ujumbe huo ni lazima kujua makubaliano yaliyopo kati ya kiini na plagini. Plagini ni programu yoyote, iliyoandikwa kwa lugha yoyote, inayochapisha mstari mmoja wa maelezo na kumaliza kwa namba. Namba 0 maana yake ni hali nzuri, 1 ni onyo, 2 ni hali ya hatari, na 3 ni haijulikani. Namba nyingine zote haziko katika makubaliano. Sasa, 127 ni namba ambayo ganda la Linux hurudisha linapoambiwa liendeshe amri isiyokuwepo, na 126 ni pale amri ipo lakini haina ruhusa ya kuendeshwa. Kwa hiyo aliyejibu si plagini bali ni ganda.

Wakati mwingine plagini zipo, ila mahali pengine. Kifurushi cha Debian huziweka kwenye /usr/lib/nagios/plugins, ilhali Nagios iliyotoka kwenye msimbo chanzo huzitafuta kwenye libexec. Mahali pa kutafutia pameandikwa katika faili la resource.cfg, katika mstari wa $USER1$. Kurekebisha mstari huo mmoja huponya huduma zote kwa mara moja.

Kosa linalochukua muda mrefu zaidi kugunduliwa ni la kujaribu plagini kwa mtumiaji asiye sahihi. Msimamizi huingia kama root, anaendesha plagini kwa mkono, inajibu vizuri. Anarudi kwenye ukurasa, bado nyekundu. Anaanza kuishuku Nagios. Lakini Nagios haiendeshi plagini kama root. Inaziendesha kama mtumiaji anayeitwa nagios, asiye na mamlaka makubwa, na kitu ambacho root anakisoma bila kuulizwa huenda nagios amekatazwa. Jaribio la haki huandikwa hivi:

sudo -u nagios /usr/local/nagios/libexec/check_disk -w 20% -c 10% -p /

Mara baada ya hapo huandikwa echo $? ili kuona namba iliyorudishwa. Plagini chache, kama check_icmp, zinahitaji kweli mamlaka ya root ili kutuma pakiti zake, na hupewa mamlaka hayo kwa alama maalumu kwenye faili. Anayezinakili plagini kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya kawaida huipoteza alama hiyo bila kujua.

Baada ya plagini kukaa sawa, huduma mbili hubaki zikiwasumbua wageni ingawa hakuna kilichoharibika. Ya kwanza ni HTTP, ambayo kwenye Red Hat na ndugu zake huonyesha onyo lenye namba 403. Sababu ni kwamba folda kuu ya Apache haina ukurasa wa mwanzo. Kuweka faili la index.html lenye neno moja tu hutosha. Ya pili ni eneo la kubadilishia kumbukumbu, yaani swap. Seva nyingi za kukodi hazina eneo hilo, na plagini hutangaza hatari kwamba nafasi iliyobaki ni asilimia 0 kati ya megabaiti 0. Hesabu ni sahihi, maana haipo. Huduma hiyo huondolewa tu katika usanidi.

Mafaili ya usanidi

Kila mara usanidi unapobadilishwa, kabla ya kuianzisha Nagios upya, huendeshwa amri hii:

/usr/local/nagios/bin/nagios -v /usr/local/nagios/etc/nagios.cfg

Amri hiyo husoma mafaili yote na kutoa idadi ya maonyo na makosa. Pakiwa na makosa mengi hutazamwa la kwanza tu, kwa sababu jina moja la seva lililoandikwa vibaya huweza kuzaa malalamiko kwa kila huduma inayoitegemea seva hiyo.

Ukaguzi huu una mpaka wake. Hauwezi kulalamikia faili ambalo haukulisoma. Nagios husoma mafaili yaliyotajwa katika nagios.cfg kwa mstari wa cfg_file, au yaliyomo katika folda zilizotajwa kwa cfg_dir, na katika folda hizo huchagua yale tu yanayoishia na .cfg. Msimamizi anaweza kuandika usanidi safi wa seva kumi, akauhifadhi kwa jina linaloishia na .txt, akaendesha ukaguzi, akaambiwa makosa ni 0. Seva zake kumi hazifuatiliwi. Kwa hiyo pamoja na kuangalia makosa, huangaliwa pia idadi ya seva na huduma ambazo ukaguzi unasema umezihesabu. Kama jana zilikuwa 12 na leo zimeongezwa 10, ukaguzi uonyeshe 22.

Kufuatilia seva ya mbali

Mambo ya ndani ya seva nyingine, kama nafasi ya diski au mzigo wa kichakato, hukaguliwa kwa kupitia wakala. NRPE husikiliza kwenye poti 5666. Jaribio la kwanza kutoka seva ya Nagios ni check_nrpe -H ikifuatiwa na anwani, bila kitu kingine; likifaulu, wakala hujibu kwa kutaja toleo lake.

Lisipofaulu, namna lilivyoshindwa hueleza mengi. Likikataliwa papo hapo, seva ya mbali imefikiwa, lakini kwa kawaida hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo: NRPE haijawashwa. Likikaa kimya mpaka muda ukaisha, kuna ukuta wa moto njiani unaozitupa pakiti bila kujibu. Likishindwa kwenye makubaliano ya SSL, msomaji hudhani tatizo ni vyeti au usimbaji. Mara nyingi sivyo. Wakala amepokea simu, akatazama anayepiga, akaona anwani yake haimo katika mstari wa allowed_hosts wa faili la nrpe.cfg, akakata. Upande wa pili huona tu kwamba makubaliano yalivunjika. Baada ya kuongeza anwani ya seva ya Nagios katika mstari huo, NRPE huanzishwa upya.

Arifa zisizofika

Mfumo uliofika hapa una ukurasa wa kijani, na wengi huacha kazi wakiwa wameridhika. Lakini usanidi unaokuja na Nagios umeandikwa kama mfano wa kujifunzia, nao una mambo matatu yatakayoziba mdomo wa mlinzi.

La kwanza ni anwani. Faili la contacts.cfg linapokuja lina anwani ya nagios@localhost, yaani sanduku la barua lililo ndani ya seva yenyewe, ambalo hakuna anayelifungua.

La pili ni programu ya kutuma barua. Nagios huita programu iitwayo mail na kumkabidhi ujumbe. Isipokuwepo, au ikiwepo lakini mfumo wa barua haujasanidiwa kutoka nje, ujumbe hupotea. Faili la nagios.log litaonyesha kwamba arifa ilitolewa, na ndivyo ilivyokuwa kwa upande wa Nagios. Kilichofuata si habari yake. Ni lazima kutuma barua ya majaribio kwa mkono, kwa mtumiaji nagios, na kuhakikisha imefika.

La tatu ndilo la hila kuliko yote. Katika faili la templates.cfg kuna kiolezo kiitwacho linux-server, ambacho karibu kila mwanafunzi hukitumia kwa seva zake kwa sababu jina lake linavutia. Ndani yake muda wa kutuma arifa umewekwa kuwa workhours, saa za kazi, na waandishi wameeleza pembeni, nusu kwa utani, kwamba wasimamizi wa Linux hawapendi kuamshwa usiku. Katika timeperiods.cfg saa hizo ni 09:00 hadi 17:00, Jumatatu hadi Ijumaa. Seva ikizimika Ijumaa saa 18:00, arifa haitatumwa hadi Jumatatu asubuhi. Mtu anaweza kujitetea kwamba huduma zake, kama tovuti au hifadhidata, zimewekewa saa 24; lakini seva nzima ikianguka Nagios hunyamazisha arifa za huduma zilizomo, ili isitume ujumbe 20 kwa tatizo moja. Matokeo ni ukimya wa siku mbili na nusu. Dawa ni kuandika notification_period 24x7 katika kiolezo hicho.

Kwa wasomaji wa Kiswahili saa zenyewe huhitaji uangalifu. Nagios huandika saa kwa mtindo wa saa 24 zinazoanza usiku wa manane, kwa hiyo 09:00 ni saa tatu asubuhi na 17:00 ni saa kumi na moja jioni. Anayeandika 03:00 hadi 11:00 akikusudia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni hatapata kosa lolote kwenye ukaguzi. Katika nagios.log muda huandikwa kwa njia ngeni zaidi, kama idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa za UTC. Mstari wenye 1700000000 husomeka kwa amri ya date -d @1700000000; kwa saa za Afrika Mashariki ni tarehe 15 Novemba 2023, saa 01:13, yaani saa saba na dakika 13 usiku.

Njia pekee ya kujua kama arifa zinafanya kazi ni kuvunja kitu kwa makusudi. Huchaguliwa huduma isiyo na madhara kwenye seva ya majaribio, inazimwa, na kusubiriwa. Wakati wa kusubiri wengi hukata tamaa mapema na kuanza kubadilisha usanidi uliokuwa sahihi. Kwa kiolezo cha local-service, ukaguzi hufanyika kila baada ya dakika 5. Ukaguzi wa kwanza ukishindwa, Nagios haipigi kelele. Hurudia kila dakika 1 hadi itimize mara 4, na ndipo huhesabu kwamba tatizo ni la kweli. Kwa hiyo arifa inaweza kuchelewa hadi dakika 8 tangu huduma izimwe, na ucheleweshaji huo si kasoro. Izingatiwe pia kwamba katika usanidi wa mfano huduma za SSH na HTTP za kompyuta yenyewe zimezimiwa arifa, kwa hiyo hazifai kwa jaribio hili mpaka mstari wa notifications_enabled 0 uondolewe. Baada ya arifa ya kuharibika kupokelewa, huduma huwashwa tena na kusubiriwa arifa ya pili, ile ya kupona.

Jaribio la mwisho ni kuzima seva ya Nagios yenyewe na kuiwasha. Mahali ambapo umeme hukatika mara kwa mara jaribio hili halikwepeki, kwa kuwa litafanywa na umeme wenyewe. Programu iliyoanzishwa kwa systemctl start hufanya kazi mpaka kompyuta izimwe, wala hairudi peke yake. Ni systemctl enable nagios inayoiagiza ianze kila kompyuta inapowaka. Apache nayo huhitaji agizo lake. Ikiwa Apache imerudi na Nagios haikurudi, ukurasa wa mbele bado utafunguka, lakini pale ambapo huandikwa kwamba Nagios inafanya kazi, pamoja na namba ya mchakato wake, patasomeka kwamba haifanyi kazi. Baadhi ya wasimamizi huweka kompyuta ya pili, nje ya jengo, yenye kazi moja tu ya kukagua kama ile ya kwanza iko hai.